Mi Naenda Kula Usiguse

Wajukuu zangu wakiulizwa shuleni bibi yao alifanya kazi gani, hujibu "televizyo", na wenzao wanadhani nilikuwa nasoma habari nimevaa hereni kubwa. Wapi! Mimi niliandika yale maneno madogo yanayotokea chini ya kioo mnapobonyeza télécommande, ile rimoti: saa, jina la kipindi, na mistari miwili ya kuwasaidia kuamua mbaki au mhame. Maneno ambayo watu huyasoma mkono mmoja ukiwa ndani ya sahani. Na nawaapia, vijana wangu, sijui kazi iliyowahi kumchekesha mtu kuliko ile.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia sasa kwenye stesheni za hapa Bujumbura. Mnajua mashine kuliko sisi, hilo sibishi. Lakini kuna mambo ambayo mashine haiwaambii mpaka iwe imeshawaaibisha mbele ya nchi nzima.

Stesheni yetu ilikuwa ndogo. Studio moja, na feni moja tuliyoizima wakati wa habari kwa sababu ilikuwa inamshinda mtangazaji kwa sauti. Nilianza kama dactylo, napiga chapa barua. Siku tulipopanda kwenye satelaiti, Directeur wetu, Monsieur Déo, alitoka ofisini akauliza, "Nani hapa anaandika haraka bila makosa?" Wote wakanitazama mimi, Mwajuma wa Buyenzi. Tangu hapo nikawa mwenye grille, yaani ile karatasi ya vipindi vya wiki nzima. Kila Jumatano, kabla ya saa nane mchana, faili langu lilitakiwa liwe limefika Ulaya, kwa kampuni ya satelaiti, ili waliingize kwenye mwongozo unaoonekana kwa kila mwenye dekoda.

Bila makosa! Mwezi wa kwanza tu nilipata la kwangu. Sheria ya kampuni ilisema jina la kipindi lisizidi herufi ishirini na mbili, nafasi zikihesabiwa. Ukizidisha, mashine yao inalikataa faili lote. Sasa tulikuwa na muuguzi mmoja aliyefundisha akina mama mambo ya lishe, na kipindi chake kiliitwa "Namna ya kumpikia mtoto". Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo: ishirini na tatu. Herufi moja imezidi. Nikawaza, herufi moja, nani ataiona? Nikaitoa ile i ya pili.

Jumatatu iliyofuata, kila dekoda ilitangaza: "Namna ya kumpika mtoto".

Simu ya kwanza ilitoka mtaa wa Mutakura. "We mama, mi niko na batoto bane hapa kwa nyumba. Televizyo yenu inasema itafundisha kupika mutoto. Munataka nini na sisi?"

Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba ni kosa la herufi. Kisha akasema, "Pole basi. Maana nilikuwa nataka kuangalia. Huyu wa tatu amenichosha."

Kurekebisha nako kulikuwa na bei yake. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho wengi wenu hamkijui mpaka leo, kwa hiyo tegeni masikio. Mnadhani stesheni ikishapanda kwenye satelaiti mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kurushwa kutoka angani kuna bei yake. Halafu kampuni yenye dekoda ina orodha yake, na kuwemo ndani ya orodha ile ni bei nyingine kabisa: namba yako, jina lako, mstari wako wa vipindi. Unalipa siku ya kuingia, unalipa kila mwaka ili ubaki, na ukitaka kusahihisha baada ya Jumatano saa nane, unalipa tena. Ile i niliyoitoa bure, tulitoa pesa ili irudi.

Aliyenifanya niielewe biashara hii hakuwa mtu wa televisheni. Alikuwa mume wangu, Baba Asha, wakala wa mizigo pale bandarini. Nilipomlalamikia kwamba hawa watu wanatutoza mara mbili, alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mama Asha, ni kama kwetu kwa port. Boti inatoka Kigoma, inafika. Maji ni ya Mungu. Lakini ukitaka kufunga kwa gati, unalipa gati. Na karani mwenye anaandika jina ya boti ku kitabu, naye ana yake. Jina yako isipokuwa ku kitabu, hata ulete dhahabu, hakuna mutu atakuja kuitafuta."

Hilo nililishika. Stesheni isiyo kwenye mwongozo ni boti isiyo kwenye kitabu. Iko, lakini nani anajua?

Basi, miaka ikaenda, na mimi na herufi zangu ishirini na mbili tukazoeana. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili tu nistaafu, ndipo Monsieur Déo aliponiita. Alikuwa mtu mrefu, mpole asubuhi na mkali mchana, na bahati mbaya ilikuwa mchana. Mezani alikuwa na facture, yaani ankara ya kampuni ya satelaiti, ile ya mwongozo, ya mwaka unaofuata.

"Mama Asha, hii tunalipa kila mwaka. Na hakuna mutu anasoma. Mi mwenyewe sisomi."

"Tukiacha kulipa, Bwana Directeur, tutatoka kwenye orodha. Mutu akitaka kutuona, lazima aandike namba kwa mkono."

"Wataandika."

"Kama wanaijua."

"Mkataba unaisha mwezi ujao. Siwezi kuendelea."

"Na mi je?"

Akaangalia dirishani. "We... tutaona."

Pale kwetu "tutaona" maana yake ilikuwa moja: anza kukusanya vikombe vyako. Binti yetu Asha alikuwa chuo mwaka wa pili, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukimsomesha.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilirudi kwenye kompyuta nikiwa na machozi yanayotafuta njia. Kompyuta ile tulitumia wawili, mimi na Espérance, dada mchangamfu wa kitengo cha matangazo ya biashara, ambaye alikuwa na tabia moja mbaya: akikuta faili lako limefunguliwa, analifunga bila kulihifadhi. Njaa ikanishika. Kabla ya kutoka nikamwachia ujumbe pale pale ndani ya grille, kwenye kisanduku cha kwanza kilichokuwa kitupu, cha Jumamosi saa saba mchana: "Mi naenda kula usiguse".

Nikaenda nikala ndagala, wale dagaa wetu, na ugali, nikamweleza mama wa mgahawa shida zangu zote, nikarudi saa nane kasoro dakika tatu. Sikusoma kitu. Nikabonyeza kutuma.

Hesabuni wenyewe, kwa kidole. Ishirini na mbili kamili, na nafasi zake. Mashine ya Ulaya ililipokea faili kama imeletewa asali.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwa nyumbani Buyenzi, nafua. Saa saba na robo Espérance akapiga simu kutoka kazini, anacheka na kulia pamoja.

"Mama Asha, simu hazinyamazi! Wanauliza programu yako!"

"Programu gani? Mi sina programu."

"Ile ya kula!"

Nikawasha televisheni, nikabonyeza mwongozo. Ikaja: namba yetu, nembo yetu, saa saba mpaka saa nane, *Mi naenda kula usiguse*. Na nyuma ya maneno hayo, nyimbo tu kama kila Jumamosi. Nilikaa chini juu ya nguo mbichi.

Fundi magari mmoja alikuwa amepiga akisema wamezima mashine gereji nzima, wanangoja. Mama wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliuliza ni samaki au ni nyama ndiyo isiguswe. Vijana wawili waliwekeana dau: mmoja anasema ni mchezo wa kuigiza kuhusu mke mwenye wivu, mwingine anasema ni mafundisho ya usafi wa mikono. Mwenye duka wa Mutakura alikuwa ametoa viti nje, ameuza soda kwa watu waliokuja kuangalia, na sasa watu wanamtaka maelezo yeye. "Mi nitawaambia nini?" alimuuliza Espérance. "Niwaambie mwenye kula hajarudi?"

Jumatatu asubuhi niliingia kwa Monsieur Déo kabla hajaniita. Ilikuwa asubuhi, angalau.

"Nani aliandika ile kitu?"

"Ni mi, Bwana Directeur." Nikamweleza yote, Espérance, ndagala, dakika tatu.

"Mama mkwe yangu amenipigia," alisema taratibu. "Aliacha kikundi cha maombi. Alikaa kwa kiti saa nzima. Ananiambia, Déo, kwa nini umetuwekea nyimbo, chakula iko wapi?"

Niliinamisha kichwa. Halafu, sijui ulimi ulipata wapi nguvu, nikasema, "Bwana Directeur, lakini ulisema hakuna mutu anasoma."

Akaweka kiganja juu ya masharubu, nikaona mabega yanatikisika. Kisha akashindwa. Alicheka mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Nami nikacheka, machozi yale ya Jumatano yakapata njia yao hatimaye.

Alipojifuta macho alinisogezea mkataba. "Sawa. Wanasoma. Lakini bei ni ile ile, na hela sina. Mjumbe wa kampuni anakuja wiki ijayo kusaini na stesheni za huku. Nitamkaribisha nyumbani. Ukipata humu kitu cha kupunguza, tunabaki. Usipopata, tumetoka."

Nilibeba mkataba ule kwenye kikapu, pamoja na mboga. Jioni, baada ya alasiri, Baba Asha aliutandaza juu ya mkeka uani akaanza kuusoma kutoka nyuma. Nilimwambia amekosea upande. "Apana," akasema. "Mbele wanaandika salamu. Tarifa, bei yenyewe, iko nyuma." Vijana, hilo liandikeni mahali: mkataba wowote, anza nyuma.

Nyuma kulikuwa na jedwali. Stesheni za kawaida, zisizotoza mtazamaji, zilikuwa na bei yao. Stesheni za kuuza vitu, zile zinazoonyesha sufuria na mikufu na namba ya simu ya kuagizia, zilikuwa na bei yao, kubwa zaidi ya mara mbili. Kila daraja bei moja kwa wote. Baba Asha akaweka kidole.

"Nyinyi muko daraja gani?"

"La kawaida. Tunauza nini sisi?"

"Hapa wanasema munauza."

Nikasoma. Kweli. Na chini yake, maandishi madogo kama mchanga: daraja hupangwa kwa kufuata grille za mwezi wa kwanza wa kuingia ambazo stesheni yenyewe imeleta.

Mwezi wa kwanza. Kwenye faili kulikuwa na safu ya mwisho, ya namba ya aina ya kipindi: habari namba yake, dini namba yake, kuuza namba yake. Nilikuwa mgeni. Tulikuwa na kipindi kilichoitwa "Soko letu", cha bei za mahindi na maharage. Soko, nikajiambia, si ni kuuza? Nikaweka namba ya kuuza. Halafu nikavuta kipanya ili nisiandike tena na tena, na namba ile ikashuka mpaka chini kama mto Ntahangwa wakati wa mvua, ikabeba habari, ikabeba misa, ikabeba mawaidha ya shehe. Mwezi mzima nilinakili vivyo hivyo. Baadaye nilirekebisha, lakini daraja lilikuwa limeshapangwa, na hakuna aliyeuliza.

"Baba Asha," nikasema, "ni mi. Miaka yote hii, ni mi nililipisha stesheni."

Hakucheka safari hii. Alikunja jedwali pole pole. "Ukisema, wanaweza kukufukuza."

"Nisiposema?"

"Usiposema, mstari unakufa. Lakini hakuna mutu atajua ni we."

"Na mi nitajua."

Akanimiminia chai, akanitilia sukari mwenyewe, kitu asichokifanya. "Basi kaseme. Lakini ule kwanza. Habari mbaya haisemwi na tumbo tupu."

Siku ya mjumbe nilivaa kitenge changu cha Idi na viatu vipya vilivyonibana. Kiriri mnaijua: kule juu ya mlima, kuta ndefu, magari meusi ya wakubwa yamelala kivulini. Nilipanda kwa miguu kipande cha mwisho. Monsieur Déo alikuwa ameandaa samaki mukeke wa kuchoma na ndizi, na mjumbe, Monsieur Firmin, alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa tumbo na tabasamu, anayesema Kiswahili kama sisi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na Mzungu. Hotuba yangu yote ya Kifaransa ikaniponyoka.

"Bei ni bei, Monsieur Déo," alikuwa akisema huku anatoa miiba. "Siwezi kukupa we ya chini nikamupa jirani yako ya juu. Daraja moja, bei moja. Nikivunja hapo, kesho wote wako kwa mlango yangu."

"Ndiyo, ni haki," nikasema. Wote wawili wakanigeukia. Nikaweka jedwali mezani, kando ya samaki. "Lakini sisi si wa daraja hili. Hatuuzi kitu."

Firmin akavaa miwani. "Grille zenu zilisema munauza."

"Zilisema. Na aliyeziandika ni mi." Nikaeleza. Soko, mahindi, kipanya, Ntahangwa. Nilieleza nikitazama bakuli la pilipili, kwa sababu sikuweza kumtazama Directeur.

Nilipomaliza, Firmin alikuwa ameshika kifua. "Mama! Mama yangu! Ni nyinyi? Kule ofisini tunawaita duka ya Bujumbura! Tulikuwa tunaulizana, hii duka inauza nini? Asubuhi misa, mchana maharage, jioni habari! Mwenzangu mumoja alisema labda wanauza mbingu!" Akacheka mpaka ndizi ikaanguka.

Monsieur Déo hakucheka. Uma wake ulikuwa umesimama hewani. "Miaka yote hiyo, Mama Asha?"

"Yote, Bwana Directeur."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningenyamaza, tungetoka kwenye orodha. Na kosa lingebaki langu."

Aliuweka uma chini. Mke wake alipita na mtungi wa maji, akatutazama, akarudi alikotoka.

"Monsieur Firmin," alisema hatimaye, "ya zamani mutarudisha?"

"Ya zamani imekufa, ndugu yangu. Mulisaini. Lakini kuanzia mkataba mupya, daraja la kawaida, bei ya kawaida, kama stesheni zote za aina yenu."

"Andika," nikasema.

"Mama, neno langu..."

"Neno lako ni tamu. Andika."

Akaandika. Akasaini, Directeur akasaini. Mkono wake ulipomaliza alinitazama, na nikaona masharubu yanaanza kutetemeka kama siku ile. "Jumatano nataka grille kama kawaida," akasema. "Na uisome kabla ya kutuma. Na ile programu ya kula, itabidi tuitengeneze, mama mkwe yangu haniachi. Mutafutie Espérance sufuria kubwa."

Tuliitengeneza, na Espérance akawa maarufu mpaka sokoni walimpunguzia bei ya vitunguu. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile mimi nilitoka nje ya geti, nikavua viatu vile vya adhabu, nikasimama peku juu ya lami ya Kiriri nikicheka peke yangu. Nikampigia simu Baba Asha. Nyuma yake bandari nzima ilikuwa inapiga kelele.

"Nimesema!"

"Nini?"

"Nimesema yote!"

"Wamekufukuza?"

"Apana! Wamesaini!"

Sikusikia jibu, nilisikia mlango wa gari unabamizwa. Nusu saa baadaye, kati ya magari yale meusi yanayong'aa, ukapanda moshi, kisha mngurumo, kisha lori la saruji la mteja wake, jeupe kwa vumbi, na Baba Asha ameketi kando ya dereva, kofia upande. Nikapanda na viatu mkononi, tukabanana watatu. Dereva alipoambiwa kuna nini akaweka mkono kwenye honi na hakuutoa. Tukateremka Kiriri yote hivyo, vumbi la saruji likiruka nyuma yetu kama shela ya bibi harusi, na mlinzi wa villa moja, asijue ni mkubwa gani yumo ndani, akasimama wima akatupigia saluti. Nami nikamrudishia.